Kipande cha Shavu la Baba

Kwa fundi viatu, chumba cha nyuma,
Jumamosi, 8 Machi.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kile kikohozi chake kimekwisha. Sisi tunapumua, ila moyo wangu hautulii.

Ni Baba. Lile doa jeupe ndani ya shavu la kushoto halijapona. Siku hizi akiwa kazini hushika misumari upande wa kulia wa mdomo tu, anasema ati kabadilisha mtindo. Daktari wa meno alikata kipande kidogo, kikaletwa maabara kwetu.

Kazi yangu unaijua. Napaka dawa juu ya nyama, na palipo na zile protini zinazoongezeka chembe za mwili zikielekea kwenye saratani, panageuka kahawia. Kando yake tunaweka kipande tunachojua ni kizima, ambacho hakitakiwi kubadilika rangi.

Sheria yetu ni kwamba hushiki cha ndugu yako. Niliiona namba ya Baba nikanyamaza, nikakishika. Kwa kutaka hakika nikaiacha dawa ikae kupita kiasi. Cha Baba kikawa kahawia. Kisha nikatazama kile kizima, nacho kahawia vilevile. Basi jibu hatuna, la heri wala la shari, na nyama yenyewe imekwisha. Inabidi akatwe tena.

Amegoma. Anasema, "Shavu langu si ngozi ya kiatu, kila mara mje mkate kiraka." Nilicheka, halafu nikaenda kulia bafuni. Wiki ya tatu hii, na ugonjwa wa namna hiyo hausubiri mtu.

Kinachoniuma zaidi, anawaambia wateja hana wasiwasi kwa kuwa vipimo vyake viko mikononi mwa bintiye. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa mfichaji ni mimi. Mkuu wangu wa kazi nimeshamwambia. Baba bado.

Nitamweleza leo jioni akishafunga kibanda. Wewe ukiipata barua hii mpigie simu, umwombe arudi kwa daktari, maana wewe anakusikia. Mwambie kipande cha pili atakishika mwenzangu.

Shangazi anakusalimu sana. Nibusie yule mtundu wenu. Mungu akulinde huko, na huku atuachie fundi wetu.

Wako akupendaye,
binti anayesifiwa na Baba, mpaka leo jioni.