Soja na Kamba Wake

Leeds, 12 Novemba 2023

Babangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai ujumbe huu utakufikia ukiwa mzima na kile kifua hakikusumbui tena. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi imeshaingia na saa kumi jioni kunakuwa giza. Nikitoka kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu narudi chumbani, naketi kitandani na koti langu mwilini. Hakuna kinachosogea humu ndani isipokuwa mimi.

Sasa nina habari. Velma, yule mwenzangu wa kazini niliyekusimulia, amejifungua na hana tena nafasi nyumbani, kwa hivyo amenipa tangi lake la kioo la kufugia samaki wa baharini. Ni dogo, linakaa juu ya meza. Lina mawe, kijitaa na pampu, ila samaki hamna. Nililitazama nikacheka peke yangu. Babangu Mbwana kazamia Likoni maisha yake yote kuwakamata samaki wa mapambo wapelekwe ng'ambo wakawekwe kwenye vioo, na leo mwenye kioo ni bintiye.

Nataka wadogo, wachangamfu, wa kunisahaulisha giza la dirishani. Nimekutumia picha za walioko dukani. Nichagulie.

Na Idd ijayo, baba, sitaweza kuja. Likizo wameshazichukua wenye watoto. Usinikasirikie.

Bintiyo,
Asmaa

---

Timbwani, 25 Novemba 2023

Mwanangu Asmaa,

Waaleikum salaam, marahaba. Kifua kimetulia. Jirani yetu Winfred anakusalimu, anasema viazi karai vyake havijapata mlaji wa maana tangu uondoke.

Habari ya tangi imenichekesha mpaka Winfred akachungulia ukutani kuuliza kulikoni. Picha zimefika, lakini usinitumie picha, niandikie kwa maneno. Samaki wa picha amesimama, na samaki aliyesimama haniambii kitu. Tena unajua sisi wazamiaji, mtu hanyooshewi kidole akaambiwa yule pale. Ni aibu. Ama unamwona mwenyewe, ama humwoni. Kwa hivyo nitakutajia aina, kumwona ni kazi yako.

Kitatange ni mzuri lakini chakula chake ni matumbawe yaliyo hai, kwako atakonda huku unamtazama. Kangaja anataka uwanja wa kukimbia. Wale wa buluu kama wino wa shule utawapenda, na baada ya muda atabaki mmoja, wengine kawapiga. Chukua wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wawili, mmoja mkubwa kuliko mwenziwe, hao watasikilizana. Mwambie mwenye duka awape chakula mbele yako. Asiyekula kwake hatakula kwako. Na awe yule anayetoka akarudi pale pale alipotoka, maana tangi dogo linataka samaki anayependa kwake.

Maji yakipungua ongeza maji ya chumvi. Usije ukamtilia samaki wa baharini maji ya mfereji.

Idd si neno. Mimi nimezoea kukungoja. Wewe tu usizoee kutokuja.

Babako

---

Leeds, 14 Januari 2024

Baba,

Assalaam aleikum. Shikamoo. U hali gani? Na shangazi Mwanasaumu hajambo? Mimi nimepona mafua.

Haya, kwa maneno, kama ulivyotaka. Nimewapata wawili. Nilisimama dukani mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Mkubwa anatikisika mwili mzima akiogelea, namna shangazi anavyotikisika akiikimbilia feri. Mdogo yuko nyuma yake daima, na mkubwa akigeuka mdogo anajilaza ubavu, anatetemeka, kama anayeomba radhi kabla hajakosa. Wamechagua pembe moja nyuma ya jiwe. Nikiwasha taa asubuhi wananijia kiooni, na mimi nawaamkia. Mwangaza wa maji unacheza ukutani.

Kuna jambo moja nitakwambia usinicheke. Kila jioni nachovya kidole ndani ya tangi nakilamba. Ni chumvi ile ile. Nafumba macho na niko ufukweni kwetu, maji yamekupwa, unakuja na wavu wako na kofia ya marehemu babu.

Nimekupigia simu ya video mara nyingi ili uwaone. Mbona hupokei?

Bintiyo,
Asmaa

---

Timbwani, 2 Februari 2024

Mwanangu,

Waaleikum salaam, marahaba. Shangazi yako hajambo, nimemsimulia ya feri na amekasirika kidogo tu.

Kamera ya simu yangu imeharibika. Na sasa Winfred ndiye anayeandika, mimi nasema yeye anabonyeza, herufi za simu siku hizi zimekuwa ndogo mno. Usione haya kuandika, ni mtu wa siri. Ile barua yako amenisomea jana na leo pia.

Niambie zaidi. Wakila wanaanza wapi, juu au chini? Mdogo analala wapi? Mwangaza ukutani ni wa rangi gani? Sina kazi nyingi siku hizi, baharini sizamii tena, kwa hivyo nawafikiria hao wako. Maji unaongeza?

Ukija utakuta chumba chako kimepakwa rangi. Winfred amechagua, mimi nimekubali tu.

Babako

---

Leeds, 21 Aprili 2024

Baba,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Nilichelewa kukupa mkono wa Idd, nisamehe.

Wamekufa. Mdogo alianza, akaacha kula, akawa anakaa chini anapumua kwa nguvu. Mkubwa alizunguka siku mbili akimtafuta nyuma ya jiwe, kisha naye akafa. Nilichukua maji kwenye chupa nikaenda dukani. Mwenye duka aliyapima akanitazama kama mtu aliyekuja na mtoto mchafu. Akaniuliza nilikuwa naongeza maji gani. Nikamwambia ya chumvi, babangu ni mzamiaji. Akanieleza taratibu kwamba maji ndiyo yanayopaa, chumvi inabaki. Kwa hivyo kila nilipoongeza ya chumvi niliwazidishia. Ilitakiwa maji matupu yaliyochujwa.

Na mimi nilikuwa nayaonja kila jioni. Yalizidi kuwa makali, nikadhani ni hamu ya nyumbani ndiyo inayozidi.

Sikulaumu, wallahi. Nimelia tu kwa sababu chumba kimenyamaza tena.

Jambo jingine. Kazini wanataka niongeze mkataba, miaka miwili. Wanangoja jibu mwezi wa saba. Nafikiri nitakubali, kisha nije mwakani kwa raha zangu. Unaonaje?

Bintiyo,
Asmaa

---

Timbwani, 30 Juni 2024

Mwanangu Asmaa,

Waaleikum salaam, marahaba. Ninajua nimekaa kimya, na shangazi amenifikishia maneno yako. Sikuumwa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Samaki nimewaua mimi. Kule kwenye mapipa ya tajiri aliyenunua samaki wetu maji yalivutwa baharini mchana kutwa na kurudi baharini mchana kutwa. Maji yanayokaa mahali pamoja sikuyajua, nikakujibu kama ninayeyajua. Nisamehe.

Ukitaka kuanza upya, kuna mmoja sijakwambia. Ni mdogo, mwenye mistari, sisi tukimwita soja, kwa sababu kazi yake ni kusimama mlangoni. Tundu si lake. Linachimbwa na kamba mmoja mdogo ambaye hafanyi kingine ila kutoa mchanga, na huyo kamba haoni. Akitoka na mzigo wake ananyoosha udevu mmoja anaugusisha kwenye mkia wa soja. Soja akiona hatari anatikisa mkia, kamba anarudi ndani. Wanaishi hivyo. Kwetu ilikuwa mwiko kumchukua mmoja. Ukimtoa soja, kamba hatoki tena, anakufia ndani na njaa. Wachukue wote wawili au waache wote wawili.

Nakusimulia habari za kamba kwa sababu sijui niyaanze vipi yangu. Asmaa, macho yananiondoka. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa ni ya kushikilia kilichobaki. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kamera ya simu haijaharibika. Niliogopa utaniona ninavyokutafuta kiooni. Picha zako zote sijaziona sawasawa, nimeziona kwa maneno yako tu.

Sikutaka kukwambia kabla hujajibu habari ya mkataba, ili usirudi kwa kunihurumia. Winfred amegoma kuniandikia kitu kingine chochote mpaka niseme hili. Nimesema.

Mkataba ni wako, amua. Lakini umeniuliza naonaje, na mimi naona kidogo sana, na hicho kidogo nataka kikuone wewe. Mwakani sijui kama kitakuwapo.

Babako

---

Leeds, 14 Julai 2024

Baba,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

Nimekasirika sana na nitakueleza hivyo ana kwa ana. Kila asubuhi nawatia dawa za macho wazee wa watu wasionijua jina. Nawainua kidevu, nawaambia tazama juu, nawafuta tone likimwagika. Na wewe unajitilia peke yako, nusu inaingia nusu inakwenda shavuni, najua, usibishe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mkataba nimekataa. Wameniuliza sababu nikasema nina kazi nyumbani.

Nilikwenda dukani kuwatafuta hao wako. Walikuwapo. Mwenye duka alitaka kuniuzia soja peke yake, nikamwambia kwetu ni mwiko. Tumekaa pamoja wiki nzima hii. Jana kamba alitoka na kipande cha kome kikubwa kuliko yeye, akakitupa, akageuka, na udevu ukawa hauko mkiani. Alisimama akaupeleka huku na huku. Soja alirudi nyuma kidogo kidogo mpaka mkia ukamgusa. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, baba, na nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Velma amehamia nyumba yenye nafasi, anawachukua wote wawili, tangi na vyote. Nimemwandikia maji ya kuongeza. Tiketi ni ya mwezi ujao, tarehe kumi na saba. Usije uwanja wa ndege, nitavuka kwa feri mwenyewe. Ningoje upande wetu.

Bintiyo,
Asmaa

---

Timbwani, 10 Agosti 2024

Mwanangu,

Waaleikum salaam, marahaba. Hasira zako nimezipokea, zilete. Winfred ameshanunua viazi, na shangazi anasema atakuonyesha anavyokimbilia feri.

Sasa sikiliza namna ya kushuka ferini. Usiwe wa kwanza wala wa mwisho. Jifunge leso ya rangi ya chungwa, iliyokolea, si ile ya kufifia. Kilichosimama kinanipotea, lakini kinachosogea nikikipata mle ndani ya bomba langu nakishika. Kwa hivyo usisimame kunitafuta. Tembea. Geuka huku na huku kama ulipokuwa mdogo, hukutulia hata ukiswalishwa.

Mimi nitakuwa juu kule watu wanakotokea, mbali na wauza machungwa wasije wakanichanganya. Winfred alisema atanishika bega, akikuona ataninyooshea kidole. Nimemkatalia. Sijanyooshewa kidole maisha yangu yote, na sitaanza kwako.

Utaniona kabla sijakuona, hilo najua. Usiniite. Endelea kutembea, nipe muda. Ngoja mpaka nikuite mimi.

Babako