Kocha Aliyeulizia Goti Langu

Mjukuu wangu Kevo,

Huku Burnsville, Marekani, tunaendelea. Mama yako anafanya shifti hospitalini, mimi nafanya shifti ya kochi. Unauliza kama utoke timu ya chuo kwa vile kocha mpya ameletwa na wenzako wanahama. Mimi enzi zangu golikipa akiniona anashikwa na malaria! Basi kocha wetu alipofutwa, tulihama wote, bila hata kumsalimia aliyeletwa. Siku moja huyo kocha mpya akanikuta sokoni. "Otieno, goti limepona?" Kumbe alikuwa ametuulizia mmoja mmoja, akitungoja. Mimi na domo hili nikainamia vitunguu kama nachagua. Hama ukitaka, kijana, lakini kwanza mwendee, umpe mkono.

Ni mimi babu yako, mfungaji wa mabao na mtoro wa salamu.