Mguu wa Mama Neema

Mama,

Shikamoo. Nimechoka, ndiyo maana nakuandikia badala ya kuandaa mahubiri. Tangu tukuzike Magoma, masika yamepita mara mbili. Kanisa letu hapa Manundu limeezekwa bati, na mwanao sasa naitwa mchungaji. Najua ungecheka.

Nilikuwa sikuelewi. Uliingia kwa mgonjwa, awe wa kanisani au wa msikitini, ukaomba kimyakimya, kisha ukamwoshea vyombo na kumjazia ndoo. Akipona, ndugu zake wakija kushukuru, ulisema, "Nilipita tu kusalimia." Nilidhani unajidharau.

Unamkumbuka Mama Neema, muuza vitumbua. Ana kisukari, na mwaka jana kidonda cha mguu kilimlaza kitandani. Nilimwombea, siku ya tatu akainuka. Mama, nilishindwa kunyamaza! Jumapili nilimsimamisha, nikamtembeza kutoka madhabahuni hadi mlangoni, mara tatu, vigelegele vikipigwa. Nikainua mikono yangu nikasema, "Ni mikono hii niliyomwekea." Wiki iliyotangulia nilikuwa nimehubiri unyenyekevu, tena vizuri sana. Baada ya hapo wagonjwa walinifuata hata kutoka Misima, nami nikanenepa kwa sifa.

Kidonda kilirudi. Hakuniambia. Alikifunga kwa kipande cha khanga, akavaa gauni refu, akaja ibadani kila Jumapili akijikaza kutembea vizuri mbele yangu. Jirani yake, Bibi Mwanahawa, ndiye aliyenivuta pembeni sokoni: "Mwanangu, yule mama mguu wake unaoza, na wewe umeshatangaza kapona."

Hospitali walimkata vidole vitatu. Walisema angewahi, wasingemkata. Nilipomuuliza kwa nini alinificha, alitazama ukutani. "Ungeaibika, mchungaji. Ulishawaambia watu."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Aliumia ili jina langu lisiumie, na mimi nilikuwa pale mbele nikipungia watu mikono.

Sasa kila asubuhi namchotea maji na kumfulia vitambaa vya kidonda. Namwombea bila kutoa sauti. Jumapili nitasimama niwaambie ukweli wote: kwamba sikumponya mtu, na kwamba majivuno yangu yamemgharimu vidole. Wazee wa kanisa wananisihi nikae kimya, eti waumini watahama. Naogopa, Mama. Huenda watahama kweli.

Jana mama mmoja wa kwaya alinikuta uani kwa Mama Neema, mikono imo kwenye povu. Akauliza kama nimekuja kumwombea mgonjwa. Nikamjibu, "Nimepita tu kusalimia." Kule ndani nikamsikia Mama Neema akicheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Pumzika, Mama. Jumapili nitasema, wabaki wasibaki. Jumatatu asubuhi nitakuwa uani kwa Mama Neema, nafua.

Mwanao