Afadhali Mlevi

Jumatano, baada ya chakula

Tena mbele ya watu! Leo tulikuwa tunaosha kahawa ya wifi Agnela, dada wa marehemu mume wangu. Mimi nilipewa kazi ya wazee, kukaa mwisho wa mfereji na kukinga punje zisiende na maji. Nikasinzia. Niliposhtuka, kahawa ilikuwa imetapakaa kwenye migomba na wanawake wamesimama wananitazama.

"Wifi," Agnela akaniuliza kwa sauti ya chini, "umekunywa?"

Nikasema, "Kidogo tu."

Mimi! Ninayewasema wenzangu kanisani kwa sababu ya ugimbi. Pombe yenyewe sijawahi hata kuionja.

Ni vidonge vya usingizi. Nilianza na kimoja mume wangu alipofariki. Sasa nameza viwili, na mchana sijielewi. Pale duka la dawa wala hawaniulizi cheti. Lakini ningesemaje? Kwamba nalia bila sababu, kwamba giza likianza kuingia naogopa nyumba yangu mwenyewe? Hapa Maguu mlevi husamehewa. Mgonjwa wa akili husemwa chini chini hadi kaburini.

Jioni Agnela amekuja. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akafunua kitenge, akatoa chupa ya ugimbi.

"Siku ukitaka kunywa, wifi, niite. Usinywe peke yako."

Nimemshukuru. Alipoondoka nimeumwaga nyuma ya nyumba, nikarudi ndani kumeza vidonge vyangu peke yangu.