Kiini Kikubwa Kuliko Nyumba Yake

Dada yangu Salma,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, Jumapili mchana. Kitanda chako nimekilundikia nguo za kupiga pasi ili kisionekane kitupu, na wallahi kinaonekana kitupu vilevile. Huu mwaka wa sita tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Unanijua nilivyo. Kwa watu wa mbali nina maneno tele, kwa wa karibu nakuwa bubu.

Unakumbuka uliponipokea maabara? Soko la Kariakoo lilikuwa linajengwa upya, vumbi la saruji linatuingilia mpaka kwenye chai. Mimi nimetoka kwenye kozi, najiona msomi. Ukanikalisha mbele ya hadubini, ukaniwekea kioo chenye damu ya kuku, kisha kingine chenye damu ya chura. Yule chura ulimnasa mtaroni kwa khanga yako mpya, wapangaji wote wakadhani umerukwa na akili!

"Unaona nini?"

"Naona viini vya seli, dada."

"Viini hata kipofu angeviona. Sema vikoje."

Nikatazama tena. Seli ya chura ilikuwa kubwa, na kiini chake kikubwa. Ya kuku ilikuwa ndogo, na kiini chake kidogo.

"Haya, ndiyo kazi yenyewe hiyo," ukasema. "Seli ikikua, kiini nacho kinakua, kila kimoja kinajua kipimo cha mwenzake. Usikitazame kiini peke yake, mdogo wangu, kitazame ndani ya nyumba yake. Siku ukikuta kiini kimejaa nyumba nzima mpaka hakuna pa kupita, hapo pana ugonjwa."

Nikakuuliza ni nani anayevipimia. Ukasema hata walioandika vitabu hawajui sawasawa, wanaona tu kwamba ndivyo ilivyo. Nilipenda ulivyosema hujui bila kuona haya. Mimi mpaka leo hilo linanishinda.

Na ule utaratibu wetu wa karatasi mbili. Kila kioo tunakisoma wote wawili, kila mtu anaandika jibu lake na kuifunika karatasi, ndipo tunafunua. Tukiandika wote "kawaida", jibu linarudi wodini. Tukitofautiana, kioo kinakwenda kwa daktari. Wewe ndiye uliyeuanzisha. Ulisema macho mawili ya mtu mmoja hudanganyana.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Asubuhi ile kilikuja kioo chenye seli za mlango wa kizazi, hakina jina, kina namba tu kama vyote. Nikakisoma. Jamani, viini vilikuwa vimevimba na seli zenyewe ndogo, kila kimoja kimebanana na ukuta wake. Nikaandika "mashaka". Wala sikusita. Kisha wewe ukafunua karatasi yako kwanza: "Kawaida."

Nilikuwa nimefunika yangu kwa kiganja. Nikajiambia, wewe ni nani, Hadija? Huyu ndiye aliyekulea, ndiye aliyekufundisha kazi, utamkosoa kwa lipi? Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni mwa koti, nikaandika nyingine. Kawaida.

Uliisoma. Ukaniangalia usoni.

"Una hakika, Hadija?"

"Nina hakika, dada."

Ukaenda kunawa mikono. Ukakaa huko muda mrefu kweli, na mimi nikaendelea na kioo kingine.

Baada ya miezi ukaanza kukonda. Ukasema ni vidonda vya tumbo, ukanywa maziwa, ukatukatalia hospitali mpaka siku ulipoanguka uani na ndoo ya maji. Walipokupima, ugonjwa ulishasambaa. Arobaini ilipokwisha nilirudi kazini, nikafungua daftari la namba. Namba ya kioo kile ilikuwa na jina lako, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Kazini nimepewa kiti chako na sikipendi. Nikipika wali bado nachota wa watu watatu. Mama yuko chumba cha pili, tunakula sinia moja, tunaongelea foleni ya sabuni na nani kaolewa, jina lako halitajwi. Nilijua kwa nini mimi silitaji. Yeye nilidhani ni uchungu tu. Kuna siku natamani hata tugombane, angalau nyumba ipate sauti.

Leo nimeshindwa. Nimemkuta anachambua mchele, nikakaa chini mbele yake, nikasema bila hata kuanza vizuri, "Mama, kioo cha dada mimi nilikiona. Niliona ni kibaya, nikaandika kizuri."

Hakunyanyua uso. "Najua," akasema.

Nikadhani hakunisikia.

"Salma aliniambia kule wodini. Alisema aliogopa kuliandika jambo lile kwa mkono wake mwenyewe, akawa anakutegemea wewe umpinge kwenye karatasi yako. Akanikanya nisikuulize. Akasema, mwacheni, atakuja mwenyewe."

Dada, nililia kwa sauti mpaka jirani akaja kuchungulia mlangoni. Nilipotulia nikamuuliza mama kwa nini ameninyamazia miaka yote hii, na mimi nipo hapo hapo mbele yake.

"Nilikuwa nakungoja, mwanangu," akasema. "Nilikuwa peke yangu humu ndani."

Pumzika, dada. Nisamehe kwa heshima ile. Naacha kalamu, naenda kukaa na mama.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee.