Ndege Iliyoitikia Salamu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Safari hii nakuamkia kwa kalamu, maana nilipokuamkia kwa mdomo niliitikiwa, na tangu siku hiyo sijakaa sawa.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuiamkia ile ndege? Nilikuwa bado sekondari, nimekuletea chakula bandani ulikokuwa ukiitengeneza, nikapita mbele ya pangaboi la pua yake bila kusema kitu. Ukaniita. Ulisema ndege hii ilianza kuruka wewe hujaota ndevu, kwa hiyo ni mkubwa wetu sote, na mtoto wa Kinyiramba hampiti mkubwa kimya kimya. Nikaiamkia huku nacheka. Wewe hukucheka. Baadaye nikiwa fundi nilielewa kwamba anayesimama kusalimia hawezi kuliparamia pangaboi, lakini siku ile nilidhani baba yangu ameanza kuchanganyikiwa.

Tulipokuzika Kinampanda, ndege ilibaki bandani hapa Singida bila wa kuigusa. Kisha akaja rubani mpya, Salehe, mtu mpole, kwa kazi ile ile ya kufuata wagonjwa vijiji vya mbali. Akazungusha ufunguo. Tak. Basi, pangaboi halikutikisika hata kidogo. Wenye ndege wakasema isipowaka itafunguliwa iwe vipuri. Nikawaambia waniachie mimi.

Nilianza vile ulivyokuwa unafanyaga. Betri nikaichaji ikajaa, vichwa vyake nikavisugua kwa msasa. Stata, ile mota ya kuamshia injini, nikaishusha, nikaipa umeme juu ya meza, ikazunguka vizuri tu. Nikairudisha mahali pake: tak. Nikapima kutoka betri hadi stata, umeme unafika. Nilitukana, nisamehe.

Mchana mmoja nilikuwa peke yangu, jua kali, betri nimeifungua iko mezani. Nikaiamkia ndege nusu utani. Shikamoo.

Tak.

Baba, mambo ya umeme ulinifundisha wewe mwenyewe. Ule mlio hutoka kwenye kidude kinachopeleka umeme kwenye stata, na bila betri hakiwezi kulia. Nikatazama mezani, betri iko pale pale. Nikajiambia ni bati linatanuka kwa joto. Nikanyamaza nisikie kama bati litalia tena, halikulia. Nikaamkia mara ya pili. Tak.

Mama alikuwa mlangoni na ugali na mlenda, amesikia yote. Aliweka chakula chini, akasogea kwenye pua ya ndege, akakuuliza kwa Kinyiramba kama umefika salama. Tak. Akakuuliza kama huko kuna baridi. Kimya. Akakuuliza kama unatusikia. Tak. Nikwambie tu, msibani kwako hakutoa chozi. Siku ile alikaa juu ya pipa la oili akalia mpaka khanga ikalowa.

Ikawa kila mchana anakuja. Anakaa, anakusimulia habari za mbuzi, za alizeti, za majirani, na wewe unamwitikia pale unapotaka. Mimi nilikuwa naogopa hata kukipa mgongo kile kiti ulichokuwa unakalia bandani. Kuna siku nilisikia harufu ya tumbaku yako ya kunusa, nikadondosha spana nikatoka nje mbio. Lakini yeye alikuwa ameanza kula tena, Baba. Usiku alikuwa analala.

Ndipo likanijia neno lako. "Umeme una kwenda na kurudi. Mafundi wengi wanaangalia kwenda tu." Kumbe na mimi nilikuwa nimepima kwenda peke yake! Nikafuata waya wa ethi, ule mnene unaourudisha umeme kutoka kwenye injini. Kwa nje mzima kabisa. Nilipoupinda, ukakatika ndani ya ganda lake, shaba yote imekuwa unga wa kijani.

Nilikaa nao mkononi. Nilijua, usiniulize nilijuaje, kwamba nikifunga mpya hutaitikia tena. Mama, kwenye pipa lake, naye alijua.

"Mwanangu, acha," aliniambia. "Waambie imeshindikana."

Wakati huo Salehe alikuwa nje anaongea na simu. Kuna mjamzito porini huko, damu inamtoka, na kwa gari ni safari ya kutwa nzima. Sikumtazama Mama usoni. Nikajikaza kisabuni, nikafunga waya mpya, nikarudisha betri. Ikawaka mara moja. Vumbi likatufunika, na Salehe akaruka.

Mwanamke yule yuko hai, na mtoto wake pia. Nataka ulijue hilo.

Ndege iliporudi, Mama alisubiri injini ipoe, akaisogelea akakuuliza umeshindaje. Kimya. Akarudia, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kimya. Tukafunga banda tukaondoka. Njiani akanishika mkono, akasema nimefanya vizuri. Kisha akasimama.

"Ila sasa niongee na nani?"

Jioni hiyo hakula, wala kesho yake. Baba, mimi usinijie. Mimi nina kazi ya kunishughulisha. Lakini kama huko unayo namna nyingine yoyote ya kubisha hodi, mbishie Mama. Mlango wa chumba chake nauacha wazi, na nakuahidi sitakimbia.

Mwanao wa pekee,
fundi uliyemwacha.