Vitambaa Vyeusi Mizingani

Pelton Hollow, Vermont
11 Oktoba 1858

Mwanangu Lovina,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu limeshaanza kunisumbua kwa baridi. Huko Ohio hamjambo? Na mimba yako inakwendaje?

Keti kwanza. Kaka yako Asahel amemuua Prouty, yule mwenye kinu cha kusaga unga, kwa shoka, asubuhi, mbele ya watu watatu. Hawakuwa na ugomvi wowote. Yuko gerezani, kesi ni Januari. Waandishi wa magazeti wamejaa hapa, wananiuliza alikuwa akila nini utotoni.

Wakili wetu anataka kusema hakuwa na akili timamu. Mwendesha mashtaka, mtu wa mjini, anasema alikuwa nazo zote. Asubuhi ile, kabla ya kwenda kinuni, Asahel aliifunga mizinga yetu ya nyuki vitambaa vyeusi, kama desturi yetu ya kuwaarifu nyuki msiba. Basi, anasema huyo wa mjini, aliwapa nyuki habari ya msiba wa Prouty kabla Prouty hajafa. Alipanga, na anyongwe. Mimi nilipoulizwa nilisema nilikuwa jikoni nakanda mkate, sikuona kitu.

Mdogo wako Mercy anaolewa na mtoto wa mchungaji wakati wa masika. Sitaki tusemwe tuna wazimu kwenye damu.

Ni mimi mama yako.


Ohio, 2 Novemba 1858

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, tumbo limekuwa kubwa hata viatu vyangu sivioni. Nimelia siku mbili, sasa nimenyamaza.

Mama, meza yako ya mkate iko dirishani, na dirisha linatazama mizinga. Mimi nimekua kwenye meza hiyo. Usinifanye mgeni.

Halafu kumbuka: nilipokuwa na miaka saba, jirani alikufa, nikaenda kufunga kitambaa kwenye mzinga. Ulinichapa. Ulisema nyuki wa nyumba huambiwa msiba wa nyumba, msiba wa jirani una wenyewe. Asahel alikuwapo, alinicheka. Sasa alimfungia nani? Aliwaambia nini?

Mwanao, Lovina.


Pelton Hollow, 9 Desemba 1858

Lovina,

Marahaba. Theluji imefika madirishani.

Nilimwona. Aligonga kila mzinga kwa ufunguo wa mlango, kama desturi, akasema, "Asahel amekufa." Mizinga yote mitano. Kisha akaingia, nikamwambia, "Wewe maiti, njoo ule uji." Nilidhani ni mizaha yake. Alikula bakuli mbili, akatoka.

Ningemshika mkono, ningemwita mtu, Prouty angekuwa hai. Sasa unataka nikayaseme hayo mbele ya mji mzima, halafu Mercy naye aachwe? Usiniandikie tena habari hii.

Mama yako.


Ohio, 28 Desemba 1858

Mama,

Shikamoo. Sitaandika habari ile. Nimejifungua salama, mtoto wa kiume, ana masikio ya baba. Nimempa jina la mjomba wake, Asahel. Akikua ataniuliza mjomba yuko wapi, na ningependa niwe na mahali pa kumtajia pasipo kaburi.

Mwanao, Lovina.


Pelton Hollow, 6 Februari 1859

Mwanangu, mama Asahel,

Marahaba, na hongera. Mtoto ananyonya vizuri?

Nilikwenda mahakamani. Ukumbi ulijaa, wanawake wamekuja na vikapu vya chakula utadhani ni sherehe. Nikaapa, nikasema yote, na uji pia nikausema. Yule wa mjini akacheka: "Kumbe leo nyuki ndio mashahidi?" Hakuna aliyecheka naye. Wale kumi na wawili wa kuamua ni wakulima, wengi wao wana mizinga. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa kwamba mtu hamfungii jirani kitambaa.

Wamesema aliua akiwa hana akili. Hatanyongwa. Atakaa nyumba ya wagonjwa wa akili, pengine maisha yake yote.

Mlangoni nilikutana na mjane wa Prouty. Alinitazama, akasema, "Ungetuita." Nikasema, "Ndiyo."

Mtoto wa mchungaji amerudisha barua za Mercy. Siku tisa hakunisemesha. Leo ameniomba chumvi.

Vitambaa vilikuwa bado mizingani, sikuwa na moyo wa kuvigusa. Jana nilivitoa. Nikachukua ufunguo, nikagonga mzinga wa kwanza, nikakwama. Maneno ya kuzaliwa nayajua, nikawaambia habari za mwanao. Ya kufa nayajua pia. Ya mtu aliyekwisha kutangazwa kuwa amekufa, naye yu hai, sikufundishwa na yeyote. Nikasema tu, "Asahel yupo. Harudi nyumbani, lakini yupo." Kisha nikaweka sikio kwenye mzinga, nikangoja mpaka nikawasikia wakivuma ndani.

Bibi yake Asahel,
mama yako.